Meli Iliondoka na Mke Wangu

Ndugu zangu wa Butembo, tangu turudi nimeulizwa habari moja kwa namna nyingi. Sokoni wanasema mke wangu alinikimbia na Mwarabu. Mmoja alinishika bega baada ya misa akataka kujua kama ni kweli nilitupwa baharini nikaokolewa na wavuvi. Na wapo wenye akili zaidi, ambao hawana haja na aibu yangu. Wao wanataka tu kujua katika meli za starehe mtu anakula nini, anavaa nini, analala namna gani. Ninawaandikia wote pamoja ili nipumzike.

Mambo ya tiketi na viza siyasemi. Yalifanywa na binti yetu Soki, anayefanya kazi Dubai, na safari yenyewe ilikuwa zawadi yake kwetu wazazi. Ninasema mapema kwamba sehemu kubwa ya safari nilikuwa na wivu. Mkisoma mtaona kama nilikuwa na sababu.

Butembo, Beni, Kasindi

Mnanijua. Ninauza misumari na mabati, na katika nyumba yetu msafiri ni mimi. Nimefika Dubai, nimefika China kutafuta bidhaa. Kavira, mke wangu, alikuwa hajavuka Kasese. Kwa hiyo nilikuwa nimejitayarisha kumwonyesha dunia. Njiani nilianza kumfundisha: namna ya kufunga mkanda wa ndege, namna ya kukataa chakula kwa heshima. Alinisikiliza mpaka tulipokuta kamioni ya viazi ya Masereka imelala katikati ya barabara, matope yamefika kwenye milango. Hapo akashuka, akavua viatu, akaanza kupanga viazi pamoja na wenye viazi, akicheka nao kama amewajua tangu ubatizo. Tulipopata njia, alirudi garini na kifuko cha viazi alichopewa bure.

"Utavipeleka Dubai?" nikamuuliza.

"Soki hajakula viazi ya kwetu tangu lini?" akanijibu.

Beni tulingoja sana, maana magari ya Kasindi yanakwenda kwa msafara, na msafara unaondoka basoda, yaani wanajeshi, wakipenda. Mmoja wao, kijana aliyetumwa huku kutoka mkoa mwingine, alipita akichungulia kila gari. Alipofika kwetu akatabasamu: "Mama, oza kitoko!" Yaani kwamba ni mzuri. Kavira akacheka, akamwambia, "Wasingya, mwana wangu," yaani asante kwa Kinande chetu. Mimi nikapandisha kioo.

"Papa Soki, kwani unafunga dirisha? Joto iko mingi."

"Vumbi."

"Vumbi ya wapi? Mvua imenyesha."

Kioo nikakiacha juu. Naye akageuza uso upande wa Bungulu, mahali alipozaliwa, akanyamaza mpaka msafara ulipoondoka. Mimi nilidhani anaogopa ndege.

Kasindi, pale mpakani, tulikula samaki wa kuchoma na ndizi, na ninawashauri mfanye hivyo. Baada ya hapo hamtakutana tena na samaki mwenye chumvi ya kutosha mpaka mrudi.

Entebbe mpaka Dubai

Upande wa Uganda basi letu lilikufa kabla ya Kasese. Abiria wote tulikaa kwenye majani. Mimi nilimtafuta dereva nimwonyeshe kwamba nimezoea safari. Nikamwambia kwa Kifaransa kwamba hali hii haivumiliki. Hakuelewa hata neno. Kavira alikuwa amekwisha kupata mama mmoja wa Kikonzo, watu ambao lugha yao na Kinande chetu ni kitu kimoja, na yule mama akatuita kwake, akatupa bundu, ugali wa muhogo, na maharage huku basi likitengenezwa. Wote walimshukuru Kavira. Mimi walinishukuru kwa kuwa mume wake.

Ndani ya ndege alilala kama mtoto, mkanda ameufunga mwenyewe. Mimi, mwenye kufundisha, nilikaa macho nikishika viti.

Kupanda meli

Soki alitupeleka mpaka bandarini. Kuhusu ukubwa wa meli, sitawadanganya: mimi niliitafuta meli nikiwa nimesimama mbele yake. Nilidhani ni hoteli. Kavira ndiye aliyesema, "Papa Soki, mais," yaani lakini, "ile nyumba inatikisika."

Sasa niwape mashauri kwa wale ambao watoto wao watawafanyia kama tulivyofanyiwa. Sanduku lako wanalichukua mlangoni, na linaweza kufika chumbani kwako jioni; kwa hiyo dawa zako na nguo ya kubadilisha zibaki mkononi. Mimi niliacha hata miwani. Utapewa kadi ndogo yenye jina lako. Ile kadi ni ufunguo, na kila unapotoka au kuingia melini inapigwa kwenye mashine, inalia ting. Meli inajua aliye ndani na aliye nje. Likumbukeni neno hilo, litanirudia.

Kabla ya meli kuondoka wanawakusanya kuwafundisha namna ya kujiokoa. Msicheke wala msijifiche chumbani, watawafuata. Na bebeni sweta. Nje jua linachoma, lakini ndani wameweka baridi kama ya Masereka alfajiri. Mimi nilikuwa nimeacha sweta kwa kiburi, nikasema Dubai ninaijua. Jioni ya kwanza nilijifunika kikwembe, yaani kitenge, cha mke wangu, chenye maua.

Chakula kinawekwa mezani kama karamu ya askofu, kila siku, na hakuna anayekuambia acha. Siku ya kwanza nilikula kwa hasira ya kufidia mateso ya lile basi. Msifanye hivyo. Bahari ilipoanza kucheza nilirudisha vyote. Kavira alikula wali kidogo na ndizi, akakaa karibu na dirisha akitazama mbali, hakupatwa na kitu. Baadaye niliambiwa hiyo ndiyo dawa yenyewe: tumbo jepesi na macho mbali. Hakuna aliyemfundisha.

Kosa langu jingine lilikuwa la karatasi inayotundikwa mlangoni. Ina picha za mayai, mikate, matunda, na vijisanduku vya kutia alama. Nilifikiri wanataka kujua tabia za wageni, tunapenda nini na hatupendi nini. Nikatia alama kila mahali kwa ukarimu, nikaitundika. Asubuhi mlango uligongwa, yakaingia matoroli mawili ya chakula. Kijana wa chumba, Mkenya, alitazama nyuma yangu kuona kama kuna kwaya.

"Ni Mzee ndiye aliyeagiza?" akauliza.

"Ni yeye," Kavira akasema, akacheka mpaka akakaa chini. Tangu siku hiyo yule kijana alimwita Mama, akamletea ndizi mbivu bila kuagizwa. Kila jioni alikunja taulo kuwa mnyama na kumweka kitandani, siku zote upande wa mke wangu. Upande wangu hakikuwekwa hata kipanya.

Baharini

Sasa tufike kwa yule Mwarabu wenu.

Ilikuwa chakula cha jioni. Kavira aliinama kwangu akasema kwa sauti ndogo, "Papa Soki, hii samaki haiko na chumvi." Mzee mmoja wa meza ya jirani, mwenye kanzu nyeupe na fimbo, akageuka mzima mzima kama ameitwa jina.

"Mama," akasema, "ile Kiswahili umeitosha wapi?" Yaani ameitoa wapi.

"Kwetu Beni."

"Beni!" Aliweka kijiko. "Beni ya kwetu? Mimi nilizaliwa Beni!"

Aliitwa Mzee Salum. Baba yake alikuwa Mwomani aliyekuwa na duka Beni zamani, mama yake Mnande. Waliondoka wakati wa vurugu, yeye akiwa kijana, mama yake akiwa amekwisha kufa. Sasa alikuwa mjane, anakaa Muscat. Alikuwa amekwenda Dubai kumtembelea mwanawe, na alikuwa anarudi nyumbani kwa meli kwa sababu miguu yake haitaki tena ndege. Kiswahili chake kilikuwa chetu kabisa, lakini cha zamani, kama shati lililotunzwa sandukuni. Alimwambia mke wangu "Wasingya kutsibu," asante sana, na macho yake yakajaa maji.

Mtasema: jambo zuri, ndugu wa mbali. Mimi pia nilisema hivyo, usiku wa kwanza. Lakini kesho yake, nilipotoka kumtafuta Kavira, niliwakuta wamekaa kwenye viti vya kivulini, yeye anasema, mzee anasikiliza. Nilipofika wakanyamaza. Hilo ndilo lililoniuma. Wangecheka, ningekaa nao nikacheka. Wangegombana, ningeamua. Wao walinyamaza, Kavira akapangusa uso na ncha ya kikwembe, akasema, "Papa Soki, umekunywa chai?"

"Mulikuwa munasema nini?"

"Mambo ya Beni."

"Mambo gani ya Beni?"

"Ya zamani."

Mimi nimeishi na huyu mwanamke miaka ya kutosha kujua sauti yake ya kufunga mlango. Hiyo ndiyo ilikuwa sauti yenyewe. Jioni hiyo tena wakakaa pamoja. Na asubuhi tena. Mimi nilizunguka meli kwa miguu kama mlinzi, juu na chini, nikipita karibu nao kila mara na kujifanya natafuta choo. Mabwawa ya kuogelea, jumba la kuchezea tamthilia, mahali pa kuchomwa mgongo kwa mawe ya moto: mkiniuliza yalikuwaje, nitawaambia yalikuwa mbali na kiti cha mke wangu au yalikuwa karibu nacho.

Halafu ukaja usiku wa mavazi. Huo mjue upo: katika kila safari kuna jioni moja ambapo watu wanavaa kama harusini, na usipovaa hivyo mlango wa chumba kikubwa cha kulia unafungwa kwako. Suti yangu ya harusi ya mtoto wetu mkubwa ilikuwa imepungua, sijui kwa nini. Kifungo kilikataa kabisa. Kavira alivaa libaya, yaani blauzi, na kikwembe alivyoshonewa na mshonaji wetu pale karibu na soko, mabega yamesimama, na kilemba. Tulipoingia, watu waligeuka. Mwanamke mmoja mzungu aliomba kupiga picha naye, kisha mwingine, kisha mpiga picha wa meli mwenyewe. Katika picha zote hizo mimi nipo: ni ule mkono upande wa kushoto.

Mzee Salum alisimama, kwa shida, akiegemea fimbo. "Mama Kavira," akasema, "umenikumbusha watu."

Aliketi. Lakini mimi nilikuwa nimekwisha kupoteza hamu ya nyama.

Muscat

Muscat ndiko Mzee Salum alikoshuka. Alitualika chakula cha mchana: "Muje kwangu, Zuhura atapika. Ni binti yangu. Atawarudisha mbele ya meli kuondoka."

"Tumbo inaniuma," nikasema.

Kavira alinitazama. "Imeanza lini?"

"Sasa hivi."

"Basi bakia ulale. Mimi nitaenda, nilimuahidi."

Na akavaa kile kikwembe cha njano ambacho mnakijua, cha Pasaka. Kwa chakula cha mchana! Nilimwona akishuka ngazi, nikamwona Zuhura, mama mzima mwenye miwani, akimpokea kwa mikono miwili. Kuna binti, nikajiambia, hakuna ubaya. Lakini wivu haukubali hoja. Ni kama mbu, ukimfukuza kwenye sikio hili anahamia lile.

Nilikaa juu, mahali panapoonekana ngazi. Nililamba barafu tamu ya maziwa peke yangu. Watu walianza kurudi na mifuko yao. Walirudi wazee, wakarudi wenye watoto, wakarudi hata wale Wajerumani waliokwenda kupanda milima. Njano sikuiona. Saa ya mwisho ya kupanda ilikuwa inakaribia, na mimi nikaona picha moja tu kichwani: Kavira amekaa kwenye zulia, anasema, na mzee anasikiliza, na hakuna hata mmoja anayekumbuka kwamba duniani kuna meli na kuna mimi.

Nikashuka. Kadi ikalia ting. Mlinzi akaniambia kitu, akionyesha saa yake, nikamwambia, "Oui, oui."

Kutoka melini mpaka lango la bandari lazima upande basi lao dogo. Basi letu likapishana na basi jingine lililokuwa linarudi. Sikulitazama. Pale langoni hakuwepo. Ng'ambo ya barabara ya pwani kuna soko la zamani, vichochoro vinavyonuka ubani, na nikasema labda wamepitia kununua. Nikaingia. Niliona kitambaa cha njano mbele yangu, nikakifuata, nikakipoteza, nikakipata tena kona ya pili. Lilikuwa pazia la duka. Muuzaji akaniuliza kama ninapenda mita ngapi.

Nilipotoka upande wa bahari, meli ilikuwa inahama. Haikukimbia. Ilikuwa kama ukuta wa mji unaosogea polepole, na honi yake ilitetemesha kifua changu. Nilipunga mkono. Sijui kwa nini nilipunga mkono.

Langoni walinipeleka kwa wakala wa meli, bwana mpole aliyekuwa tayari na pasipoti yangu na kifuko cha dawa. Melini walivitoa chumbani waliponiona sijarudi. Akaniambia kwa Kiingereza cha taratibu, na mimi nikakielewa kwa taratibu zaidi: mke wako yuko ndani. Aliingia mara tu wewe ulipotoka. Walikuita kwa kipaza sauti mara nyingi.

Yule katika basi lililopishana na langu alikuwa Kavira.

"Una mtu unayemjua Muscat?" akaniuliza.

"Hapana," nikasema.

Akauliza tena, kwa sababu hoteli zilikuwa zimejaa.

"Hapana jua mutu."

Nilikuwa bado ninasema hivyo wakati fimbo ilipogonga sakafu mlangoni. Mzee Salum alikuwa anahema, Zuhura nyuma yake na ufunguo wa gari. Kavira alikuwa amewapigia kutoka melini, kwa mtandao wa meli.

"Mama Kavira analia," akasema. "Twende nyumbani, ndugu yangu."

Nyumbani kwa Mzee Salum

Mfikirie sasa. Mtu ambaye ulikuwa unamlinda mke wako dhidi yake, unalala kwenye mto wake.

Zuhura alileta wali na samaki, samaki mwenye chumvi, na pilipili ya kuponda kama ya kwetu. Nilikuwa nimeapa sitakula. Nilikula mara tatu. Mzee alikaa mbele yangu, hakula, akawa ananisogezea limau. Nikaona niulize, maana kama ningenyamaza ningelia.

"Muzee, siku zote zile ulikuwa unasema nini na bibi yangu?"

Hakushtuka. Aliinamisha kichwa. "Kwanza, pole," akasema. "Sikukupa pole. Pole ya shemeji yako Kambale."

Nikaweka tonge chini.

Kambale alikuwa ndugu yake Kavira, mdogo wake wa kumfuata. Alikwenda kwenye shamba lake la kakao, upande wa Beni kule ambako watu wanauawa, na hakurudi. Hakuonekana yeye, wala nguo, wala panga lake. Tulingoja, kisha tukasali misa bila jeneza. Tangu misa ile, Kavira hakutaja jina lake katika nyumba yetu. Mimi nami sikulitaja, nikidhani ninamhurumia. Watoto nao wakajifunza. Na sasa jina hilo lilikuwa linatoka katika ndevu za mtu wa Muscat.

"Alikuambia?"

"Aliniambia. Mimi niko na mama kule Beni, niko na kaburi lakini siwezi kufika. Yeye anafika Beni akitaka, mais hana kaburi. Tulikuwa tunaelezana." Akanitazama. "Nilidhani na wewe anakuambia."

Nitawaambia ukweli. Ningesikia alimwambia maneno ya mapenzi, ningejua la kufanya. Mapenzi mtu anayagombania. Lakini mtu aliyepewa machozi ya mke wako, utamnyang'anya nini? Kitandani mwake, chini ya feni yake, niliona wivu ambao sikuwahi kuuona: nilivionea wivu viti vile vya kivulini.

Kwa barabara mpaka Dubai

Meli ilikuwa na bandari moja zaidi kabla ya kurudi Dubai, kwa hiyo tuliweza kuiwahi kwa gari. Zuhura aliendesha. Mzee alisisitiza kuja, akakaa mbele na mto mgongoni. Milima ya huko haina hata jani moja. Mkulima wa kwetu Kayna angeitazama akaomba ruhusa ya kurudi. Mpakani tulikaa sana kwa sababu ofisa hakuelewa namna mtu aliyeondoka kwa meli anavyorudi kwa gari. Zuhura alimweleza. Akacheka, akamwita mwenzake, akamweleza. Mwenzake akacheka, akamwita mkubwa wao. Nilisimama hapo kama kinyago mpaka kituo kizima kilipomaliza kufurahi.

Nyumbani kwa Soki, Mzee Salum alikataa kuingia; alitaka kufika kwa mwanawe kabla ya giza. Alinishika mkono kupitia dirisha la gari. "Mama yangu amelala nyuma ya duka yetu, karibu na kijito. Kulikuwa jiwe kubwa nyeusi. Mama Kavira ameniahidi ataenda kutazama. Muende wawili."

Sikuahidi. Nilisema tu, "Safari njema."

Asubuhi nilikuwa bandarini kabla ya meli. Watu walishuka wakivuta masanduku, wenye nguvu na wenye usingizi. Kavira alitoka karibu wa mwisho, bado na kile kikwembe cha njano, kimekunjamana. Alikuwa hajakibadilisha. Nikafungua mikono. Akanipita. Kisha akarudi, akanipiga na mfuko wake begani, mara moja, kwa nguvu zote.

"Ulienda wapi?"

"Nilikutafuta."

"Mimi nilikuwa ndani! Walikuita, walikuita, jina yako wanaiharibu vile, na wewe hauji. Kijana wa chumba alienda kutazama kila mahali. Walisema alitoka. Wakati walisema ‘alitoka’..." Sauti ilikatika. "Nikasema, na huyu tena. Ametoka, hatarudi. Nilikaa karibu na mlango wa meli. Sikula."

"Mais walikuambia niko kwa Muzee."

"Waliniambia. Kambale pia watu walikuwa wananiambia eko Oicha, eko Mangina, wamemuona. Nilikuwa nangoja nikuone na macho."

Hapo ndipo wivu uliniacha nikiwa nimesimama, kama vile meli. Nilimshika mkono. Ulikuwa baridi. Soki alitukuta hapo akadhani tumegombana kuhusu mizigo.

Kurudi

Ndege haikuchelewa, basi halikufa, msafara wa Kasindi ulikwenda bila kusimama. Siwezi kuwaambia zaidi kwa sababu hatukuzungumza sana. Tulikuwa kama watu waliobeba yai.

Beni nilimwambia dereva atungoje. Kavira akageuka. "Tunafanya nini hapa?"

"Uliahidi kaburi."

Tulitafuta kwa miguu. Duka la zamani limekuwa ghala la bia. Mwenye ghala, mama mmoja mnene mwenye huruma, hakujua habari za Mwarabu yeyote, lakini alitupitisha nyuma. Kijito kipo, kimekuwa chembamba. Na jiwe jeusi lipo. Wanawake wa jirani wanafulia nguo juu yake. Kaburi lenyewe halionekani. Kuna majani, kuna kamba ya kuanikia, kuna shuka za watu zinapepea.

Kavira alimpigia Mzee Salum simu ya picha. Akamwonyesha jiwe. Mzee akaomba simu isogezwe karibu. Wafuaji waliacha kufua, wakasogea pembeni. Tulimsikia akisali kwa Kiarabu, halafu akasema maneno machache kwa Kinande, maneno ya mtoto mdogo kwa mama yake, na hayo sitayaandika.

Mke wangu alinipa simu bila kunitazama, akaenda kukaa kwenye ukingo wa kijito.

"Eko wapi Mama Kavira?" mzee akaniuliza, uso wake umejaa kwenye kioo. "Nipe yeye, nimushukuru."

Nilimtazama yule mzee. Nikamtazama Kavira, mgongo wake, na mikono yake juu ya magoti.

"Muzee," nikamwambia, "atakupigia kesho." Nikakata simu.

Nikaenda kukaa karibu naye kwenye majani mabichi, na suruali yangu ya safari. Dereva alipiga honi barabarani. Hatukujibu.

"Niambie ya Kambale," nikasema.

"Gani?"

"Yote."

Aling'oa jani moja, akalichana, nikadhani mlango umefungwa tena. Mwanamke mmoja alirudi kwenye jiwe, akaanza kupiga shati lake taratibu.

"Kambale alikuwa anaogopa kuku," Kavira akasema. "Mutu muzima, na bibi na batoto, akiona kuku anapita upande ingine ya njia. Ulikuwa unajua ile?"

"Hapana," nikasema. "Sikuwa najua."